Damu Isiyo na Nyumba

Mantapala, Nchelenge
Jumapili, 21 Aprili

Kwa dada yangu mkubwa, Yaya Chouchou,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako ambaye hajakuandikia tangu Krismasi, na anayejua kwamba utamgombeza kabla hujafungua bahasha. Gombeza kwanza, kisha ukae. Presha imeshuka? Bado unakunywa ile dawa, au umeiacha tena kwa sababu eti inakuletea usingizi katikati ya mahubiri? Watoto wako wote wawili hawajambo? Sisi huku tunaendelea. Jua limekausha mahindi kabla hayajazaa, lakini mihogo imetuvumilia, na mtoto wangu ameota meno mawili ya mbele ambayo kazi yake kubwa ni kuniuma. Shemeji yako Pitchou anakusalimu. Ameongeza chumba kimoja nyuma ya nyumba na anajisifu kana kwamba amejenga kanisa.

Barua hii nimempa mama mmoja anayevusha samaki hadi huko kwenu Lubumbashi, ndiyo maana inanuka. Ningeweza kukutumia sauti kwa WhatsApp kama siku zote. Lakini wewe simu yako unaiweka juu ya meza na kuifungulia kama redio, nyumba nzima inasikia. Habari hii si ya mezani. Isome peke yako, mlango ukiwa umefungwa, maana inahusu jambo ulilonikataza kulitaja tangu kambi ya Kenani.

Mwezi wa pili watu wa utafiti wa afya walifika wilayani wakitafuta wasaidizi wanaojua Kibemba na Kiswahili cha kwetu, kwa ajili ya nyumba za pembeni mwa ziwa zenye watu waliotoka Kongo. Nilipata. Walitupa fulana, begi na tableti, ile simu pana, na mkubwa wetu alikuwa Mzambia mmoja mpole, ba Albert kwa heshima ya Kibemba, mtu wa kuuliza kila asubuhi kama umekula. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Nyumba zimechaguliwa kwa kura na kila mlango umeandikwa namba kwa chaki. Unaingia, unauliza ni watu wangapi walilala humu usiku wa jana, unahesabu vyandarua, unadunga kila mtu kidole kupima malaria, na tone jingine la damu unalikausha kwenye karatasi ngumu kwa ajili ya maabara. Mwisho unafungua ukurasa mpya ambao zamani haukuwepo, ukurasa wa akili.

Wakati wa mafunzo tulifanyia mazoezi sisi kwa sisi. Mwenzangu mmoja aliniuliza kama katika siku thelathini zilizopita nimesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kama nimeona mtu ambaye wengine hawamwoni, na mengine ya aina hiyo, kumi na moja kwa jumla. Nilijibu hapana, hapana, hapana, mbio mbio, hadi akacheka na kusema mimi akili yangu imeoshwa na kuanikwa. Ba Albert hakucheka. Alituambia kwamba wagonjwa wa namna hiyo ndio ambao utafiti huwakosa, kwa sababu siku ya wageni hupelekwa shambani, au hufungiwa chumba cha nyuma, au wao wenyewe hukataa kuongea. Ndiyo maana, alisema, kila utafiti hutoka ukiwa na afya kuliko watu wenyewe. Niliangalia viatu vyangu mpaka akamaliza.

Tarehe moja mwezi wa tatu ziwa lilifunguliwa baada ya miezi mitatu ya kukatazwa kuvua. Unakumbuka siku hiyo ilivyo, hata mwenye mguu mmoja yuko ufukweni. Mimi na begi langu tulikuwa katika kijiji cha wavuvi upande wa kusini wa Kashikishi, nikibisha hodi kwenye milango isiyo na watu. Nyumba namba arobaini na saba ilikuwa ya mvuvi anayeitwa Rabson, Mzambia aliyeoa mke wa kwetu Pweto, jina lake Gloire. Nao hawakuwepo. Nilizunguka nyuma ya nyumba nikamkuta mwanamke ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, ana tete refu mkononi, anafukuza kunguru juu ya chisense, wale dagaa wetu wa Mweru, walioanikwa mchangani.

Alikuwa na umri wa miaka arobaini hivi, nywele zimekatwa kabisa, amevaa nguo mbili moja juu ya nyingine. Kabla sijafungua mdomo aliniambia kwa Kibemba kwamba chaki ya mlangoni ameiona tangu siku nne, na amekuwa akimngoja mtu wa kuiulizia. Alisema anaitwa Mirriam, dada yake Rabson. Nilifurahi, nisikufiche, maana jua lilikuwa kali na nilikuwa sijapata hata nyumba moja tangu asubuhi. Nilimsomea maneno ya ruhusa, akakubali, akaendelea kufukuza kunguru bila kuwatazama.

Nilipomuuliza ni watu wangapi walilala ndani usiku wa jana, alinitajia Rabson, Gloire, watoto watatu, na yeye mwenyewe. Aliniambia niandike sita, ingawa wenye nyumba wakiulizwa watasema watano, kwa kuwa yeye amekwisha kuliliwa. Nilidhani ni namna yake ya kusema kwamba hathaminiwi, nikaandika sita. Vyandarua alinionyesha vitatu. Cha kwake kilikuwa kidogo, kimefungwa kwenye stoo katikati ya magunia, na chini yake kuna mkeka.

Kisha nikafungua ule ukurasa. Nilimuuliza kama anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Aliinamisha kichwa, akafikiri, akasema ndiyo, anasikia ya kwangu. Akanieleza, taratibu tu, kwamba imepita miezi tangu mtu amsemeshe, na niliponena mara ya kwanza hakuwa na hakika kama niko nje au niko ndani ya kichwa chake. Nikamuuliza kama amewahi kuona mtu ambaye wengine hawamwoni. Hapo alicheka vizuri kabisa, akasema katika nyumba hii mambo ni kinyume, mtu huyo ni yeye.

Nilimdunga kidole haraka ili nimalize. Kipimo kilitoa mistari miwili, ana malaria. Nilikausha tone la pili kwenye karatasi, nikabandika namba ya maabara, nikamwahidi kwamba jina lake litaingia kwenye orodha na watu wa dawa watafika kabla ya siku tatu. Taratibu zinasema umalize kwa kumuuliza mtu kama ana swali lolote kwako. Nikamuuliza. Alikuwa amekishika kidole chake kilichodungwa, akanitazama machoni, akauliza: na wewe, walikuhesabu siku gani?

Nilikusanya vitu vyangu nikaondoka. Nilipofika njiani niligeuka kutazama nyuma, na pale mchangani ndoo ilikuwa imesimama wima, kunguru wametua juu ya samaki, na yeye hayupo.

Jumatatu ba Albert akatoa orodha yake ya kurudia, maana mkubwa hurudi kwenye nyumba chache kuhakikisha kwamba msaidizi hakudanganya. Namba arobaini na saba ilikuwemo. Tulikwenda pamoja. Gloire alitupokea vizuri, akatandika mkeka, akatuletea maji. Ba Albert akaniambia niulize tena wamelala wangapi, nikauliza, akajibu watano. Nikamtaja Mirriam. Alishika kifua akanitazama kama mtu aliyemwagiwa maji. “Madame, Mirriam alisha kufa,” aliniambia. “Batu bote ba hapa balimulilia. Nani alikupa hilo jina?”

Tuliingia stoo. Magunia yalikuwepo, mkeka haukuwepo, chandarua hakikuwepo. Nje, chandarua kidogo kilikuwa kimetandazwa mchangani, chisense juu yake. Rabson mwenyewe, bila ukali wowote, alitupeleka nyuma ya kanisa akatuonyesha msalaba wa mbao wenye jina la Mirriam na mwezi wa saba wa mwaka jana. Alisema dada yake alitoka na mtumbwi peke yake, mtumbwi ukarudi, yeye hakurudi. Walingoja wiki mbili, ziwa halikutoa kitu, wakazika nguo zake. Ba Albert alivua kofia na kuwapa pole. Mimi niligusa msalaba ule kuona kama ni mbao kweli.

Wewe unajua kwa nini. Ngoja nikiandike, maana hatujawahi kukitamka sisi wawili. Siku tulipotoroka, Papa, baba yetu, tulikuwa tumemzika alfajiri ile ile nyuma ya nyumba, kwa haraka, bila sanduku. Na katika mtumbwi wa kuvukia huku nilimwona amesimama kwenye maji anatafuta pa kukaa, nikawaambia watu wasogee wampe nafasi. Nilisema tena na tena, hadi mwenye mtumbwi akataka kunitupa. Tulipofika Kenani, kwenye meza ya kuandikisha, ulisema mko watatu, wewe na watoto wako. Mimi ulikuwa umenifunika kitenge na kuniacha nyuma ya lori. Uliogopa kwamba wakiona kichaa watatutenganisha, au watairudisha familia nzima. Miezi saba nililala ndani ya hema lenu bila jina, nikila katika sahani zenu, mpaka yule muuguzi wa kwetu aliponipatia vidonge na akili ikaanza kutulia. Ndipo ukaniongoza hadi meza ile ile ukasema huyu ni mdogo wangu, amewasili leo. Katika karatasi za Zambia, mimi nilifika miezi saba baada ya kufika.

Kwa hiyo nifikirie, Yaya, mbele ya msalaba ule. Ugonjwa wangu ulikuwa kuona wafu na kuwatafutia nafasi. Na sasa nilikuwa nimekaa na mfu saa nzima, nimemuuliza maswali sabini, nimemdunga kidole.

Tulipotoka pale ba Albert alinivuta pembeni. Alizungumza kwa upole, nao upole wake ndio ulionimaliza. Alisema yuko katika kazi hii miaka mingi, anajua wasaidizi wakichoka hufanya nini. Hukaa mahali penye kivuli, hujaza nyumba nzima kutoka kichwani, na ili karatasi isikose damu hujidunga wao wenyewe. Akaniuliza damu ile ni ya nani. Ningesema ni ya Mirriam, swali la pili lingekuwa kama nina afya ya kichwa, na la tatu lingefika hadi Kenani, na jioni Pitchou angejua kwamba alioa mtu wa namna gani. Nikasema damu ni yangu.

Alishusha pumzi. Alisema atanisamehe kwa mara hii moja kwa kuwa nimekubali kosa. Akafuta mstari wa Mirriam kwenye tableti mbele yangu, sita ikawa tano, na jina likatoka kwenye orodha ya watu wa dawa. Kisha, kwa kuwa ni mtu mwema, akasema kwamba damu hiyo ina mistari miwili, maana yake mimi ni mgonjwa. Alitoa pakiti ya vidonge ishirini na vinne, akanipa chupa yake ya maji, akasimama akinitazama mpaka nimemeza vinne vya kwanza. Nilimeza dawa za mtu mwingine nikamwambia asante.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Nilikuwa naingia nyumba za watu na kuwahesabu mara mbili kabla sijasalimu. Nikimwona mtu ameketi peke yake nilimgusa mwenzangu na kumuuliza kwa ujanja kama yule bibi amevaa nguo ya rangi gani, ili nijue kama naye anamwona. Niliporudi Mantapala kwa mapumziko nilisikia kunguru juu ya bati, na hapa kwetu hakuna samaki wa kuwaita. Pitchou aliniuliza kama nina homa. Unajua anavyopenda kunitania kwamba karatasi yake ya Kenani ni ya Desemba na yangu ni ya Aprili, kwa hiyo yeye ni mwenyeji na mimi ni mgeni. “Weye mugeni, miye mukubwa wako ku camp,” ananiambia kila nikimkosoa. Siku ile alinitania hivyo hivyo nikaangua kilio, akashangaa na sufuria mkononi.

Niliona lazima nirudi. Kama Mirriam yupo, basi mimi nimemwibia mgonjwa dawa yake kwa uongo. Kama hayupo, basi ugonjwa wangu umerudi na sasa nina mtoto wa kunyonyesha. Njia nzima kwenye baiskeli ya kukodi sikujua nimwombe Mungu lipi.

Nilichagua Jumapili saa nne, wakati wa ibada. Mtu aliyefichwa saa hiyo huwa nyumbani peke yake. Hilo hakuna aliyenifundisha kwenye mafunzo, nalijua kwa kuliishi. Kijiji kilikuwa kitupu na nyimbo zilisikika kutoka mbali. Chaki ya mlangoni ilikuwa imefutwa kwa kitambaa kibichi, lakini namba bado ilionekana kama ukiinamia upande. Nyuma ya nyumba chisense walikuwa mchangani na kunguru wanakula watakavyo, wengi, bila hofu, na tete limelala chini. Niliita jina lake, kunguru wakanitazama, hakuna aliyejibu.

Nikasukuma mlango wa stoo. Alikuwa amelala kati ya magunia, macho wazi, midomo imepasuka, zile nguo mbili zimelowa jasho. Nilisimama mlangoni sithubutu kusogea. Kumwona kulikuwa si kitu, Yaya, hata Papa nilimwona. Lakini Papa hakuwa na joto. Ndani ya mtumbwi nilinyoosha mkono nimshike bega, nikashika ubao uliolowa. Basi nilipiga magoti nikaweka kiganja changu kwenye paji la uso wa Mirriam, na paji lile liliunguza kama sufuria iliyotoka mekoni. Sijawahi kufurahia homa ya mtu kama siku ile. Nililia nikicheka, Mungu anisamehe. Yeye alinitazama akasema, kwa sauti ndogo ya kulaumu, kwamba watu wa orodha hawakuja.

Nilimpa maji na vidonge vinne kati ya vile ishirini vilivyobaki, nikiwa bado nimemshika, ndipo wenye nyumba wakarudi kutoka kanisani. Gloire alinikuta akapiga kelele kidogo, kisha akakaa chini hapo hapo mlangoni. Rabson hakugomba. Alisimama na Biblia yake kwapani akazungumza nami kwa Kiswahili chake cha kuuzia samaki, kama mtu anayetua mzigo. Alisema wavuvi wa upande wa pili walimwokota Mirriam kwenye matete, akaishi huko kisiwani akili imepotea, hakujua jina lake, na mwezi wa kumi na moja akavushwa kwa mtumbwi, akaja mwenyewe kwa miguu na kuingia mlangoni saa sita mchana, watu wote wakiwa ziwani. Walikuwa wamekwisha kumlilia. Kijiji kizima kilikaa matanga, kila nyumba ilileta unga, mchungaji aliombea msalaba. “Nitaambia batu nini?” aliniuliza. “Batasema Rabson aliuzisha dada yake ku ziwa sababu ya samaki, sasa ziwa limemurudisha. Batachoma nyumba na yeye ndani.” Ndiyo maana mgeni akija humwingiza chini ya magunia, na chandarua wakakigeuza cha samaki. Siku ile ya tarehe moja, nilipokuwa naondoka, mtoto wao mmoja alikuwa anarudi kutoka ziwani, na Mirriam alikimbilia ndani mwenyewe kama alivyofundishwa.

Nilitaka kuwakaripia. Mdomo ulifunguka, na kilichotoka kilikuwa kingine. Niliwaambia kwamba mimi pia nilifichwa. Niliwaambia habari ya Papa na mtumbwi na kitenge na miezi saba. Ilikuwa mara ya kwanza maneno hayo kupita katika koo langu, na yalitoka makavu tu, kama mtu anayesoma fomu. Gloire alinitazama kuanzia fulana ya kazi hadi viatu. “Weye?” akasema. “Weye wa biro?” Nikamwambia ndiyo, mimi wa biro, mtu wa ofisi. Nikawaambia pia kwamba huyu tukimwacha atakufa kweli, na safari hii watakuwa wamemuua wao na mimi.

Rabson alileta baiskeli. Gloire alitaka kumfunika uso kwa kitenge, na mimi nikamwacha, kwa aibu gani sijui, lakini Mirriam alikivuta kitenge akakishika mkononi. Tukatoka hivyo, saa sita mchana, watu wakiwa wametapakaa njiani na nguo za kanisani. Mama mmoja aliangusha beseni. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyeokota jiwe. Walitupisha, kisha nikasikia nyayo. Nilipogeuka niliona kijiji chote kinatufuata kwa mbali, kimya, mwendo ule ule wa kwenda makaburini, isipokuwa tulikuwa tunatoka huko. Walitufuata hadi mlango wa kliniki wakasimama pale.

Nesi aliuliza jina la mgonjwa. Rabson alitazama ukuta. Nilitaka kumjibia, nikajizuia. Mirriam alisema jina lake, akataja na umri, akaongeza kwamba yeye ni wa namba arobaini na saba. Nesi akaandika.

Anaendelea vizuri sasa. Malaria imekwisha, na nesi anampa na vidonge vingine, vile ninavyovijua mimi. Wanawake wa kijiji huja kumchungulia dirishani. Wengine wanalia, wengine bado hawaingii, na mmoja alimletea unga akamwambia Gloire kwa hasira kwamba wa kwanza, ule wa matanga, haurudishwi. Mchungaji hajaamua afanye nini na msalaba. Mirriam ameomba apewe, eti kuni ni adimu.

Ba Albert nilimwambia yote kesho yake. Nilimwomba afungue ule ukurasa wa akili aniulize mimi, safari hii si mazoezi. Aliniuliza yote kumi na moja, na pale penye ndiyo nilisema ndiyo. Kazi nimeipoteza, maana kusema damu ni yangu ulikuwa uongo ulioandikwa, na taratibu ni taratibu. Mstari wa Mirriam haukuweza kurudishwa. Lakini ile karatasi ya damu hakuwa ameitupa. Aliitoa mkobani, akaandika juu yake kwa kalamu namba arobaini na saba, akasema ataipeleka maabara na barua yake mwenyewe, wakubwa wafanye watakalo.

Kisha Pitchou. Nilimwambia akiwa anapiga lipu chumba chake kipya, nikiogopa kumtazama. Aliendelea kupaka udongo hadi ukuta ukaisha, akanawa mikono, akakaa. Aliniuliza tulivuka mwezi gani. Nikamwambia wa tisa. Akahesabu kwa vidole, Septemba, Oktoba, hadi Desemba, akatikisa kichwa. “Donc weye njo mukubwa wangu,” akasema, yaani mimi ndiye niliyetangulia kufika. “Miaka yote hii nilikuwa nazarau mukubwa.” Halafu akanishika mkono na hakuuachia mpaka mtoto alipoamka.

Sasa sikiliza, maana hili ndilo lililonifanya nikuandikie. Mwezi ujao watu wa biro wanarudia kuandika wakimbizi wote, na kila mtu ataulizwa alifika lini. Mimi nitawaambia ukweli. Nitasema nilifika siku ile na dada yangu na watoto wake, mtumbwi mmoja, wanne. Najua ulinikataza, na najua utaona aibu, lakini sikulaumu hata kidogo. Ulinifunika kitenge kwa sababu ulinipenda na ulikuwa peke yako. Ila nimechoka kuwa mtu aliyefika baada ya kufika.

Kuna kitu kimoja tu nataka unijibu, kwa mkono wako, si kwa simu. Siku ile ndani ya mtumbwi, nilipowaomba watu wampe Papa nafasi, wote walinitukana na hakuna aliyejisogeza. Ila wewe. Nilikuona, Yaya. Ulimbeba mtoto mapajani, ukabanana na ubao, ukaacha pengo la mtu mmoja kati yako na mimi, na hukulikalia hadi tukafika ng’ambo. Miaka saba nimefikiri ulifanya hivyo kuninyamazisha. Siku hizi sina hakika tena. Niambie, kwa nini ulisogea?

Nisalimie watoto, na yule jirani yako anayedai kwamba nilimsahau. Kunywa dawa yako hata kama mahubiri yatakupita. Mihogo nitakutumia na mama huyu huyu akirudi, Mungu akituweka hai.

Ni mimi mdogo wako,
Marthe, niliyefika siku moja na wewe